Daktari Christie na homa iliyosafiri kwa jahazi

Mama mmoja wa hapa Msata aliniletea mwanawe wa kiume wa miaka minane, homa ikiwa siku ya tatu. Alikuwa amempima malaria mara mbili na mara zote majibu yalionyesha hana. Viwiko na magoti vilimuuma, macho mekundu, kichwa kinamgonga upande wa mbele. Nyuma yao aliingia bibi wa mtoto, mama mzaa baba, akakaa kwenye benchi na kabla sijauliza lolote akaniambia kuwa hiyo ni kidingapopo. Mkwewe aliinamisha uso kwa aibu, kana kwamba mzee ametaja mizimu mbele ya daktari. Mimi nikaliandika neno lile kwenye faili, na chini yake nikaandika tarehe homa ilipoanza.

Heshima ya neno hilo nilifundishwa na daktari aliyekufa zamani sana, James Christie. Watu wanaosoma historia ya tiba ya Afrika Mashariki hawawezi kumkwepa. Wiki hii, msomaji wangu, naomba nikusimulie maisha yake, kwa sababu kazi aliyoifanya Unguja na mwambao wetu ndiyo njia rahisi ninayoijua ya kukueleza namna homa za mbu zinavyosafiri na kubadilika. Habari za mtoto nitazirudia.

Christie alikuwa Mskochi. Alifika Zanzibar katika miaka ya 1860, utawala ukiwa wa Sayyid Majid bin Said, yuleyule aliyeanza kuujenga mji wa Dar es Salaam. Akawa daktari wa Sultani. Sasa jaribu kuuona mji aliofanyia kazi. Kaskazi inapovuma, majahazi yanaingia kutoka Uarabuni na Bombay; kusi ikianza, yanarudi yalikotoka. Kutoka bara, misafara inashuka Bagamoyo, Pangani na Kilwa na pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo, kwani soko la watumwa la Unguja lilikuwa bado wazi na halikufungwa mpaka 1873. Watu wa kila pembe ya Bahari ya Hindi walilala mji mmoja na kuteka maji ya visima vilevile. Daktari wa mji kama huo, akitaka kuelewa ugonjwa wowote, ilimbidi aelewe kwanza biashara.

Hilo Christie alilielewa kwa uchungu. Novemba 1869 kipindupindu kiliingia Unguja, kikaua maelfu kwa maelfu. Wengi walidhani kimeletwa na chombo cha baharini, maana magonjwa ya awali yalizoeleka kuja hivyo. Christie akaanza kuuliza. Aliwauliza wafanyabiashara, viongozi wa misafara na wamisionari waliokuwa bara: mliona wagonjwa wapi, mwezi gani, na kabla ya hapo walipita wapi. Akaunganisha majibu kama mtu anayeshona mkeka, ukili kwa ukili. Alichokipata ni kwamba safari hii kipindupindu kilikuwa kimetembea kwa miguu. Kilitoka upande wa Bahari ya Shamu, kikapita Uhabeshi, kikashuka nchi ya Wamasai, kikafuata njia ya misafara hadi Pangani, ndipo kikavuka maji kuingia Unguja. Kitabu chake juu ya habari hiyo kilitoka London mwaka 1876, na jina lake refu linataja jiografia, makabila na biashara za nchi ambamo ugonjwa ulipita. Sijaona daktari wengi wanaoweka biashara kwenye jalada la kitabu cha ugonjwa.

Watu walikuwa hawajamaliza kuzika, Julai 1870 ikaja homa nyingine. Hii haikuua sana, lakini haikubakiza mtu. Mtu mzima, mwenye afya, anaamka vizuri, anakwenda shughuli zake, na ghafla kiungo kimoja kinamkamata, kidole au goti, kama amepigwa rungu. Homa inapanda, mwili mzima unauma, vipele vinatoka. Baada ya siku chache homa inashuka, lakini viungo vinabaki vimekakamaa kwa majuma, wengine kwa muda mrefu zaidi. Ugonjwa ulizunguka mji mpaka Januari 1871. Katikati yake, Oktoba 1870, Sultani Majid alifariki na nduguye Barghash akashika kiti.

Wenyeji walikuwa na jina la ugonjwa huo: kidinga pepo, mkamato wa ghafla unaoletwa na pepo. Daktari mwingine wa zama zile angecheka na kuandika jina la Kilatini. Christie alipopeleka taarifa yake katika jarida la madaktari la Uingereza mwaka 1872, jina alilolitumia kwenye kichwa cha makala ni lilelile la Waswahili. Tena aliwauliza wazee, nao wakamwambia kuwa ugonjwa huu si mgeni. Walipokuwa vijana uliwahi kuingia Unguja, ukafanya hivihivi, na jina lilikuwa hilihili. Akahesabu nyuma akapata mwaka 1823 hivi. Aliandika kama Mzungu wa karne yake, sitaki umwone malaika. Lakini aliamini kumbukumbu ya watu wazima waliouona ugonjwa kwa macho yao, na kwa sababu hiyo leo tunajua kuhusu 1823.

Kisha akaufuata. Kutoka Unguja homa ilionekana Aden, kutoka Aden ikaingia Bombay, na kufikia 1872 miji ya India ilikuwa imelala kitandani. Ni njia ya majahazi tupu, hakuna kilichoongezwa.

Christie alirudi Uskochi, akafanya kazi na kuandika mambo ya afya ya jamii katika mji wa Glasgow. Lakini kidinga pepo haikumtoka akilini. Mwaka 1881 alichapisha makala nyingine akitoa hoja ambayo mpaka leo inatajwa kwenye kamusi kubwa. Mwaka 1827 na 1828 visiwa vya Karibi vilipigwa na homa ya viungo, na Cuba ikaitwa dengue. Christie alisema neno hilo ni dinga yetu, lililobebwa na watumwa kutoka pwani hii mpaka ng'ambo ya Atlantiki, wenye kulisema na ugonjwa wenyewe wakiwa ndani ya meli moja. Wahispania walilisikia, wakaliunganisha na neno lao linalofanana, likaendelea na safari. Kwa hiyo unapomsikia mtangazaji wa redio akisema homa ya dengue, huenda unasikia Kiswahili kilichorudi nyumbani kikiwa kimevaa nguo za ugenini.

Kuna kitu kimoja ambacho Christie hakukipata. Mwaka uleule wa 1881, daktari Carlos Finlay alisimama Havana, Cuba, akasema homa ya manjano inaenezwa na mbu. Hakuaminiwa kwa karibu miaka 20. Christie aliijua njia, akaijua bandari, akawajua abiria. Mbu aliyekuwa akisafiri nao kwenye mapipa ya maji ya kunywa hakumjua. Mbu huyo ni Aedes aegypti, mweusi mwenye madoa meupe miguuni, mzaliwa wa Afrika aliyezoea kuishi na watu. Anauma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla ya giza, na hutaga kwenye maji safi yaliyotulia ndani na kando ya nyumba. Jahazi lenye pipa lilikuwa nyumba yake.

Sasa twende Newala, mwaka 1952. Katika uwanda wa Makonde, kusini mwa nchi yetu, ulizuka ugonjwa unaokunja watu. Daktari Marion Robinson aliueleza dalili zake, Lumsden akachunguza namna ulivyoenea vijijini, na mwaka 1953 Ross akakipata kirusi chenyewe katika damu ya wagonjwa. Wamakonde waliuita chikungunya, kinachokunja. Homa ya ghafla, viungo, vipele, kukakamaa kwa majuma. Ukisoma taarifa za Newala kisha ukasoma za Christie unaona ni mgonjwa mmoja. Mwaka 1971 mtafiti aitwaye Carey alilisema wazi: kidinga pepo ya 1823 na ya 1870 ilikuwa chikungunya. Hakuna damu ya 1870 iliyohifadhiwa ya kupima, lakini wataalamu wengi wanakubaliana naye, na mimi pia.

Angalia kilichotokea hapo. Jina la Kiswahili lilisafiri dunia nzima, na huko likaishia kwa ugonjwa mwingine, unaoletwa na mbu huyohuyo lakini kwa kirusi tofauti kabisa. Hicho ndicho tunachokiita dengue leo. Mwenye jina, chikungunya, akapewa jina jipya la Kimakonde. Nasi kwa Kiswahili cha leo tukishasema kidingapopo tunamaanisha dengue. Usione haya ukichanganyikiwa. Madaktari wenyewe walichanganyikiwa zaidi ya miaka 100.

Siku hizi hatuhitaji kuwauliza wakuu wa misafara peke yao. Tunaweza kumuuliza kirusi. Kirusi cha chikungunya kimeandikwa kwa herufi za vinasaba zipatazo 11,800. Kila kinapojinakili ndani ya mwili wa mtu au wa mbu kinakosea herufi hapa na pale. Ni kama zamani watoto wa chuo walivyonakili kwa mkono: mmoja akikosea neno, wote walionakili kwake wanalibeba kosa lile, na mwalimu akikusanya mbao anajua nani kamwangalia nani. Wataalamu wamekusanya mbao za dunia nzima. Wamekuta ukoo wa kirusi hiki shina lake liko Afrika, ambako msituni kinazunguka kati ya nyani, kima na mbu wa porini, na matawi ya Asia yametokana na yetu ya Afrika Mashariki.

Mwaka 2004 tuliona safari ya Christie ikirudiwa mbele ya macho yetu. Chikungunya ilizuka Lamu, na vipimo vya damu vilionyesha baadaye kuwa watu watatu kati ya kila wanne kisiwani waliambukizwa. Mvua haikuwa imenyesha. Ulikuwa ukame, na ndiyo maana: maji yalipoadimika watu waliyahifadhi siku nyingi ndani ya mapipa na mitungi, mbu akapata makazi. Kutoka Lamu ikaenda Mombasa. Mwaka 2005 ikawa Komoro, kisha kisiwa cha Réunion, ambako zaidi ya theluthi ya wakazi waliugua, watu wapatao 266,000. Mwaka 2006 ikawa India, wagonjwa zaidi ya milioni 1.

Lakini Réunion kulitokea jambo ambalo Christie asingeliwaza. Huko mbu aliye wengi si Aedes aegypti, ni ndugu yake, Aedes albopictus, mwenye mstari mweupe mgongoni, ambaye awali hakuwa mbebaji mzuri wa kirusi hiki. Ndipo herufi moja tu katika zile 11,800 ikabadilika. Kirusi chenye kosa lile kiliingia na kukua ndani ya mbu yule kwa urahisi mkubwa zaidi, na baada ya muda mfupi ndicho kilichotawala kisiwa. Hakuna aliyekikusudia. Kirusi hakina akili wala mpango. Kinakosea mara nyingi sana, na kosa moja linapomfaa msafiri, linasafiri. Baadaye kosa lilelile likajitokeza lenyewe India pia. Kwa kuwa albopictus anavumilia baridi, mwaka 2007 watu wa vijiji vya Italia walikunjwa viungo na ugonjwa wa Newala.

Kwa dengue hesabu ni nyingine, na hii ndiyo ningependa mzazi aisome mara mbili. Virusi vya dengue viko vya aina nne. Wasafiri waliotoka Zanzibar na Tanzania mwaka 2010 walikutwa na aina ya tatu. Mlipuko wa Dar es Salaam wa 2014, uliopita wagonjwa 1,000, ulikuwa wa aina ya pili. Wa 2019, uliopita wagonjwa 6,000, ulikuwa wa aina ya kwanza. Ukiugua aina moja unapata kinga ya aina hiyo. Ukiumwa baadaye na aina nyingine, kinga ya kwanza inaweza ikamsaidia adui badala yako, na ndipo mishipa midogo inapovuja na damu kutoka. Mtu aliyeugua 2014 akapona hajamalizana na dengue.

Mwaka 2014 nilikuwa nafanya kazi katika kituo kimoja jijini. Akaja kijana wa bodaboda, homa kali, mwili unamuuma mpaka hawezi kukaa, malaria hana. Nilimchoma sindano ya diklofenaki, nikampa na antibayotiki, nikamwambia apumzike. Sikumuuliza nani mwingine anaumwa mtaani kwake. Siku ya tatu alirudishwa na wenzake fizi zikitoka damu. Alipona, Mungu alimsaidia, na sindano ile iliongeza hatari kwa mkono wangu. Mtaani kwake, nilipouliza kwa kuchelewa, watu walikuwa wameanguka nyumba hadi nyumba.

Basi narudi kwa mtoto wa Msata. Nilimuuliza mama yake maswali ya Christie. Alikuwa wapi wiki mbili zilizopita? Kwa mjomba wake Dar, likizo. Nani mwingine anaumwa? Binamu zake wawili kule. Amempa dawa gani? Akatoa mfukoni vidonge vya diklofenaki alivyouziwa dukani. Tuliviacha hapohapo. Nikamweleza kama ninavyokueleza wewe. Homa yoyote ipimwe malaria kwanza, maana mkoa wetu wa Pwani haujaachana nayo. Ikiwa hakuna malaria, homa na maumivu ya mwili mpe parasetamoli peke yake, kwa kipimo cha uzito wa mtoto, isizidi mara nne kwa siku. Usimpe diklofenaki, ibuprofeni wala aspirini. Hakuna dawa inayoua virusi hivi. Kinachookoa ni maji, uji, madafu, maji ya chumvi na sukari ya pakiti, kidogokidogo na mara kwa mara. Mama mjamzito mwenye homa ya namna hii, hasa anayekaribia kujifungua, asikae nyumbani, kwani chikungunya inaweza kumfikia mtoto wakati wa kuzaliwa.

Nikamsisitizia na jambo linalowadanganya wazazi wengi. Katika dengue, saa za hatari ni zile homa inaposhuka, kati ya siku ya tatu na ya saba. Mtoto anapoa, mama anashukuru, na ndipo mishipa inavuja. Ukiona tumbo linauma sana, anatapika bila kukoma, damu puani au kwenye fizi, kinyesi cheusi, analegea au hatulii, mikono na miguu imekuwa ya baridi, hakojoi, usingoje asubuhi.

Hapa Msata tuko kwenye njia panda. Malori ya Tanga, Moshi na Arusha yanapita, mabasi ya Bagamoyo yanaingia, na kila kijiwe cha pancha kina lundo la matairi yenye maji ndani. Mayai ya mbu huyu yanashika ukutani mwa chombo na kukaa makavu miezi mingi, yakisubiri maji. Kwa hiyo kumwaga maji ya pipa hakutoshi. Sugua kuta zake kwa brashi kila wiki, kisha lifunike vizuri. Tairi litobolewe au liwekwe chini ya paa. Mtoto mchanga anayelala mchana alale ndani ya chandarua mchana huohuo.

Siku ya tano homa ya mtoto ilishuka. Siku ya sita alfajiri alianza kutapika, na pua ikatoka damu. Mama yake hakungoja. Saa kumi na mbili na nusu alikuwa mlangoni kwetu, na kabla ya saa tatu mtoto yuko hospitali ya wilaya ana dripu. Kipimo kilionyesha dengue, chembe sahani zikiwa zimeshuka. Alikaa siku tatu, akarudi amekonda lakini anaomba mpira wake.

Bibi yake alikuja naye kliniki siku ya kuangaliwa tena. Akaniambia anataka kusahihisha. Kidingapopo aliyosimuliwa na bibi yake mzaa mama, watu walitembea wameinama wakishika kuta, lakini damu haikutoka kwa mtu. Ya mjukuu wake haikuwa ile. Nikafungua faili, chini ya neno nililoandika siku ya kwanza nikaongeza mstari mmoja, na tarehe.